Boga Niliacha mu Sufuria

Feza,

Nimekamata biki nikuandikie, juu mudomo umenichoka. Weye umeenda ku Kashikishi kutafuta chisense, zile dagaa ya ziwa, ya kupelekea bukwe wako, batu ba bwana yako, umeniachia mutoto, na huyu mutoto wako, tangu umevuka pa mulango, anataka kula hii kaye naandikia. Nasema kula, siko nacheka. Pembe ya karatasi imesha kulowana. Nimemunyanganya, akakamata kamba ya kitenge yangu, anatafuna. Nimemunyanganya kamba, sasa anatafuna kidole yangu, na ana meno mbili, naisikia yote mbili. Aka, Feza! Mutoto mwenye meno, mwenye miezi saba karibu itimie, na hajaonja kitu ingine duniani zaidi ya maziwa yako!

Siko nakuandikia mambo ya safari yako ya kesho ku Kilwa kwa bwana yako. Ile nimesha kuisema mpaka baba yako akatoka inje na nyavu zake akaenda kushonea kwa jirani. Ukae katikati ya mutumbwi, mutoto umufunge kifuani, chisense usiiweke pamoja na nguo. Ukisahau, shauri yako. Na siko nakuandikia namna ya kupika boga, juu boga unaijua kunishinda miye. Unaijua tangu uko na miaka kumi na moja. Njo maana nimekaa chini kuandika.

Juzi pa kiliniki nilikuwa nyuma yako. Nesi alimutundika Kasongo ku mizani, akaangalia karti, akakuuliza: “Mumesha kuanza kumupa chakula?” Na weye, bila hata kupepesa macho: “Ndiyo, uji na boga.” Boga gani, Feza? Ile yenye iko chini ya meza tangu wiki mbili, inaniangalia kila asubui? Nilikukanyaga muguu. Haukugeuka. Tulipofika ku njia nikakuuliza juu ya nini umedanganya mutu mwenye anakusaidia, ukanijibu na ile sauti yako ya polepole, yenye inanikasirisha kupita matusi: “Mama, kijiko ya kwanza ni ya mama-mukwe. Weye mwenyewe njo ulinifundisha.”

Nilinyamaza mpaka nyumbani. Baba yako alinigusa kipaji ya uso, akafikiri nimepata malaria.

Ni kweli, kwetu ni vile. Mutoto akitimiza miezi sita, mama ya baba yake anakuja, anakaa pa mukeka, anamuweka ku magoti, anamupa boga laini na mukono yake, anamuita jina yake mara tatu, na kutoka ile siku mutoto ni wa nyumba ile. Ni desturi ya muzuri. Siko naicheka. Lakini ni ya muzuri kama mama-mukwe eko pa mukeka! Wako eko wapi? Eko Lubumbashi, anauguza dada yake, na anatuma sauti ku telefone: “Muningoje, niko nakuja.” Mwezi ilipita alikuwa anakuja. Mwezi ya kabla ya ile, alikuwa anakuja. Kesho asubui unavuka kwenda Kilwa, mu nyumba yenye yeye hayuko ndani, na utakaa pale na mutoto mwenye njaa, munangoja mutu mwenye hajafunga hata muzigo. Bwana yako anatengeneza mashini za mitumbwi kutoka asubui mpaka jioni, yeye ataona nini? Ataona mutoto analia, atasema batoto banalia.

Na miye sitakuwa kule. Unajua nilivuka maji ile mara moja, tukikimbia vita, na nilisema sitaivuka tena. Basi chenye sikusema leo, sitapata nafasi ya kukisema kesho na kesho kutwa.

Nimekukasirikia tangu juzi, Feza, na bado nimekasirika, usifikiri nimepoa. Lakini kila nikijaribu kuwaza nikukasirikie muzuri, narudi pa Kenani, mu kambi ya bakimbizi, na pale nakuta mwenye makosa ni mwengine.

Unakumbuka tulivyofika. Ngoy, ndugu yako mudogo, alikuwa na miezi ine. Baba yako alitufikisha ku ngambo hii, akageuka, akavuka tena kumutafuta mama yake, juu nkambo yako alikataa kuacha mbuzi zake. Vita iko nyuma, yeye anahesabu mbuzi! Tukabaki mu hema watatu, miye, weye na Ngoy. Ngoy akatimiza miezi sita. Baba yako hajarudi. Akafika saba. Maziwa yangu ikapunguka, juu nilikuwa nakula vibaya na nilikuwa naogopa usiku na muchana. Bamama bengine balikuwa banapikia batoto uji, baliniita, baliniambia lete sahani. Miye nikajibu namungoja mama-mukwe. Baliniangalia sawa mutu mwenye akili imevunjika.

Nitakuambia juu ya nini nilifanya vile, juu haujaniuliza hata siku moja. Tuliacha nyumba. Tuliacha mashini yangu ya kushona. Tuliacha hata kaburi ya mama yangu, na mihogo yenye ilikuwa imekomaa. Nikajiambia: hii moja sitaiacha. Nitaendelea kuwa muke wa nyumba ya batu, mwenye kufuata desturi, hata mu hema. Kiburi tupu. Nilikuwa nakamata desturi na mukono moja, na mu mukono ingine mutoto anakauka. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba, alilia na sauti ya kapaka. Nilimufunga mu vitenge viwili batu basione miguu yake.

Weye ulikuwa unaenda kumutekea maji ule mama wa Kibemba mwenye shamba pembeni ya barabara, Bana Chanda. Siku moja akakupa boga, chipushi alikuwa anaiita. Haukuniambia. Nilijua kisha.

Ile siku nilikuwa nimetoka kupanga mustari ya unga. Nikasikia kimya. Ngoy kimya! Nikafikiri imekwisha. Nikazunguka nyuma ya hema mbio. Nikakukuta umekaa chini, Ngoy mu magoti yako, na boga mu kifuniko ya sufuria. Nilisimama, haukuniona. Ulikuwa umeitokosa na ngozi yake, maji kidogo tu chini, isikunywe maji yote ikawa supu. Ulikuwa umekwangua nyama na kile kijiko kidogo ya dawa, kile ya plastiki, na ulikuwa unatoa nyuzi moja moja, unaziweka pembeni ku jani. Kisha unaponda na mugongo ya kijiko, unageuza, unaponda tena. Ikawa laini, lakini inakaa pa kijiko, haidondoke. Kuko bamama bazima, bamelea batoto sita, banaacha zile nyuzi, mutoto anakohoa mpaka macho inatoka, banasema ni muchawi. Weye nani alikuonyesha? Na Ngoy alikuwa anafungua mudomo kabla kijiko haijafika.

Nilikupiga. Tuseme yote: sikukupiga kofi, nilikupiga na kuni. Nikanyanganya kijiko, nikaitupa mu choo. Nikakuambia umeiba heshima ya nkambo yako. Haukulia. Uliniuliza tu: “Mama, alikuwa analia. Nifanye nini?”

Sikukujibu. Nakujibu leo. Ulifanya muzuri, Feza. Ndugu yako mwenye anakula bukari ya batu wawili na kulomba ingine, yuko hai juu yako. Nisamehe. Nimejaribu kukuambia hii neno na viatu, na ile nguo ya bluu ya Noeli, na mara zote nilikuachia kichwa ya samaki, na weye ulifikiri mama anakupenda tu. Nilikuwa nakulomba musamaha na kichwa ya samaki! Mutu mukubwa!

Sasa kuko sehemu yenye haujui.

Kisha ya kukupiga, Ngoy alilia siku mbili. Alikuwa amesha kujua chakula, huwezi kumudanganya tena na maziwa ya hewa. Siku ya tatu nilienda miye mwenyewe kwa Bana Chanda. Alinipa boga na alinipa maneno makali, nikakamata yote mbili. Nikaitokosa, nikakula kipande, nikabakisha kipande ingine mu sufuria, nikaiweka pa mulango ya hema. Juu ya kifuniko nikaacha kijiko, sawa mutu amesahau. Nikakuambia: “Naenda ku maji. Angalia mutoto.”

Bomba ilikuwa karibu, unaikumbuka. Kujaza ndoo haikuwa kazi. Niliijaza, nikakaa pa jiwe na ndoo yangu imejaa, nikaangalia batu banapita. Niliona imetosha, nikarudi, na nikakohoa nikiwa bado mbali, upate kupangusa mudomo ya mutoto. Nilipofika, sufuria ilikuwa imeoshwa, Ngoy analala, na weye unaangalia chini.

Kesho yake, vile vile. Na kesho yake tena. Kila siku nilibakisha boga, kila siku nilienda ku maji, kila siku nilikohoa. Haukujiuliza, Feza? Mama mwenye alikuvunjia kuni ku mugongo juu ya boga, namna gani anasahau boga kila siku pa nafasi moja, na kijiko juu?

Haukujiuliza juu ulikuwa mutoto, na mutoto anaamini yenye ameambiwa. Ulifikiri unaiba. Nilikuona mu ibada ya Siku ya Mungu, umefunga macho kwa nguvu, midomo inatembea, unalomba musamaha. Nilijua unalomba juu ya nini. Nikaendelea kuimba. Ile njo makosa yangu kubwa, kupita kuni. Kuni ilikuwa hasira ya dakika moja. Hii nilipanga. Nilitaka mutoto akule na nilitaka mikono yangu ikae safi, basi nikatumia yako.

Alafu nkambo akafika. Na mbuzi moja! Safari yote ile, mbuzi moja, na ilikuwa inachechemea. Akakaa pa mukeka, batu ba mahema yote bakaja kuangalia. Akaniuliza mbele yao: “Huyu hajaonja kitu?” Nikajibu: “Hapana, mama. Tulikungoja.” Akamupa Ngoy kijiko. Mawee! Ngoy akakamata mukono ya nkambo na mikono yake mbili, akavuta, akameza, akapiga sahani alete ingine. Batu bakacheka mpaka bakakaa chini. Nkambo akalia na furaha: “Mumuone, ametambua mukono yangu!” Akaniwekea mukono ku kichwa, akanibariki, akasema nimelinda nyumba ya mwana wake.

Weye ulikuwa umesimama pa kamba ya hema. Uliniangalia. Na miye nikaangalia mbuzi.

Nikuambie na mwisho yake, ucheke kama una nguvu. Ule mwaka nkambo yako alilala mugonjwa, kabla hajatuacha, nilikuwa namuosha miguu, akasema: “Ule Ngoy alikuwa amesha kula.” Nikashituka, nikataka kukataa. Akanizuia. “Nimelea batoto wanane. Mutoto mwenye hajui kijiko, anasukuma na ulimi, boga inarudi ku kidevu. Ule wako alimeza sawa askari. Nilinyamaza juu ulikuwa unatetemeka.” Kisha akakasirika kweli, akiwa amelala vile vile: “Na nani alikutuma uningoje na mutoto mwenye njaa? Miye nilikuwa natafuta mbuzi!”

Wanamuke watatu, boga moja, na kila mutu anajua, na hakuna mwenye anafungua mudomo. Bibi mukubwa ananyamaza juu ya miye, miye nanyamaza juu yake, na weye katikati unabeba dhambi yenye haiko. Naweza kulia. Naweza pia kupiga mutu, sijui nani.

Nilipaswa kukuambia ile siku ile. Nilisema nitakuambia ukikomaa. Ukakomaa, nikasema nitakuambia ukiolewa. Ukaolewa. Ukapata mimba, nikaona haiko muzuri kukusumbua. Leo mutumbwi yako ni kesho, na niko naandika juu nikikuambia na mudomo utaniambia, “Mama, ile tumesha kuiongea,” na utaanza kukunja nguo.

Basi sikia, mama Kasongo. Weye haukuiba kitu. Kijiko ya nkambo yako haukuiiba, miye nilikuachia pa mulango. Na kama haukuiba, hauna kitu ya kurudisha. Nimekuona namna unafanya. Unafikiri ulimukosea nkambo mumoja, sasa unataka kumufanyia mwengine vizuri kabisa, mpaka mwisho, na mwenye anakaa na njaa ni Kasongo. Kichwa nguvu yako ni yangu, najua, usinikumbushe. Lakini miye ilinichukua mwezi moja na nusu, kabla mutoto wa miaka kumi na moja hajanitoa mu ujinga. Kasongo hana dada mukubwa. Kilwa hakuna mwenye atazunguka nyuma ya nyumba kumupa boga na kijiko ya dawa. Yuko na weye tu.

Mupigie mama-mukwe wako simu. Muambie kweli, bila kuzunguka: mama, mutoto amefika wakati, tumeanza. Ukija utamuweka ku magoti, utamupa boga na mukono yako, utamuita jina yake mara tatu, tutapiga vigelegele. Itakuwa kijiko ya kwanza ya nkambo, na haitapungua kitu. Akikasirika, akasirike. Atanipigia miye, nina maneno ya kumujibu, nimeyaweka miaka. Lakini nafikiri atasema yenye nkambo yako alisema, juu hakuna mwanamuke mwenye amelea mwenye anapenda mutoto angoje na njaa.

Na usimupe maji-maji. Nilisema sitakuandikia namna ya kupika, najua, nimeandika. Ikae pa kijiko. Kama ni nzito sana, ongeza maziwa yako mwenyewe, matone tu. Kisha ya wiki moja mbili utatia karanga ya kusaga laini kabisa, kisha unga ya chisense, uchekeche miiba isibaki. Basi, naacha.

Nikuambie mwisho yenye nimefanya leo. Ulipoondoka tu, nilitoa ile boga chini ya meza, nikaipasua na panga. Ni nyekundu ndani, kavu, ya muzuri. Nimetokosa na ngozi yake, nimekwangua, nimetoa nyuzi zote, nimeponda. Iko hapa mbele yangu mu sahani ya bluu, na Kasongo ameacha kaye, ameacha kamba, anaangalia sahani. Mate inatiririka mpaka ku tumbo. Nimekamata kijiko mara mbili. Mara ya pili aliinamisha shingo, akafungua mudomo, nikaona zile meno.

Nikaweka kijiko chini, akanilaani na kilio yenye imefika kwa jirani. Sikutaka kumupa, Feza. Haiko juu ya mama-mukwe. Kama ningemupa na weye hauko, ningepangusa mudomo yake, ningeosha sahani, ungerudi, ningekohoa. Nimesha kufanya ile. Mutoto ni wako, na mukono inapaswa kuwa yako, mu mwangaza, batu bote baone.

Nasikia Ngoy anapiga makelele inje, maana yake umefika pa njia na samaki yako. Nitakupa hii barua pa mulango. Weka ndoo ya samaki chini, soma ukisimama, usianze kunikunjia nguo. Boga ingali moto kidogo, nimeifunika. Ukimaliza, ingia, kaa pa mukeka, muweke mwana wako ku magoti, kamata kijiko. Miye nitakaa pembeni yako na nitaangalia na macho yangu yote mbili.

Leo siendi ku maji.

Mama yako